Siku 500 na matarajio mawili: historia ya komedi ya mapenzi isiyoishia harusini

Mwezi Januari mwaka 2009, katika mji mdogo wa Park City uliopo milimani katika jimbo la Utah nchini Marekani, watazamaji wa tamasha la filamu la Sundance waliingia ukumbini kutazama kazi mpya ya Marc Webb, muongozaji ambaye hadi wakati huo alikuwa akijulikana zaidi kwa video za muziki. Filamu hiyo, (500) Days of Summer, haikuwaficha kitu. Katika dakika za mwanzo kabisa msimulizi anawatahadharisha kwamba kijana atakutana na msichana, lakini wasidhani wameandaliwa kisa cha mapenzi. Onyo lilitolewa mapema na kwa lugha nyepesi. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye, watazamaji wengi waliendelea kumlaumu msichana huyo kwa kuvunja ahadi ambayo hakuitoa.

Msikilizaji, makala yetu hii inafuatilia historia ya aina hiyo ya filamu: komedi ya mapenzi iliyotengenezwa nje ya mkondo mkuu wa Hollywood, ambamo watu wawili wanaanza uhusiano mpya kila mmoja akiwa na matarajio yake. Ni filamu za kuchekesha, na nyingi zilitengenezwa kwa fedha kidogo. Lakini zimebeba swali zito: mtu akikuambia waziwazi anachokitaka na asichokitaka, je, unamsikia yeye, au unasikia matumaini yako mwenyewe?

Ahadi ya Hollywood

Ili kuelewa kilichovunjwa na filamu hizo, ni lazima kwanza tutazame kilichojengwa. Mwaka 1934 Frank Capra alitoa It Happened One Night, kisa cha binti tajiri aliyemtoroka baba yake na mwandishi wa habari asiye na kazi, wanaosafiri pamoja huku wakigombana njia nzima. Filamu hiyo ilinyakua tuzo zote tano kubwa za Oscar: filamu bora, muongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na uandishi. Mfano ukawa umewekwa. Wawili wasiopatana wanakutana, wanapishana kauli, wanatengana kwa muda, kisha wanaoana.

Katikati ya mwaka huohuo studio za Hollywood zilianza kutekeleza kwa ukali kanuni za maadili zilizokuwa zimepitishwa mwaka 1930. Kanuni hizo ziliagiza kwamba heshima ya ndoa na ya nyumba ilindwe, na zilidumu hadi mwaka 1968 ulipoanzishwa utaratibu wa kupanga filamu kwa kuzingatia umri wa watazamaji. Kwa zaidi ya miaka 30, basi, mtazamaji aliyelipa kiingilio kutazama komedi ya mapenzi alijua atafikishwa wapi. Harusi ilikuwa sehemu ya bei ya tiketi.

Mazoea hayo yalikuwa na athari yake. Yalimfundisha mtazamaji kwamba kukataa ni hatua ya mwanzo ya kukubali, na kwamba mwanamke anayesema hataki anamwambia mwanamume asubiri kidogo na aongeze juhudi.

Kiti cha nyuma cha basi

Nyufa za kwanza zilionekana katika filamu ambayo, kwa juu juu, inamalizika kwa ushindi wa mapenzi. Mwishoni mwa mwaka 1967 Mike Nichols alitoa The Graduate. Kijana aliyehitimu chuo, aliyeigizwa na Dustin Hoffman, anavamia kanisa ambamo msichana anayempenda anaozeshwa kwa mwingine. Wawili hao wanakimbia, bibi harusi akiwa bado katika gauni lake, wanadandia basi na kuketi kiti cha nyuma kabisa wakicheka.

Hapo ndipo filamu za kawaida zingekoma. Nichols aliiacha kamera iendelee. Kicheko kinapungua, tabasamu zinafifia, kila mmoja anatazama mbele yake kimya. Wamepata walichokuwa wakikitaka, na sasa hawajui la kufanya nacho. Mtazamaji mmoja anaweza kuuona mwisho huo kuwa ni furaha. Mwingine akauona kuwa ni mwanzo wa mashaka. Naomba, msikilizaji, uukumbuke mwisho huo, kwa sababu tutaurudia.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1977, ikaja Annie Hall ya Woody Allen. Iligawanywa na kampuni kubwa ya United Artists, lakini kwa moyo wake ilikuwa karibu zaidi na filamu ndogo zilizoifuata. Inaanza uhusiano ukiwa umekwishavunjika, na inamalizika wahusika wakiwa wameachana kwa amani. Kuna mahali ambapo mwanamume na mwanamke, kila mmoja akiwa kwa mtaalamu wake wa ushauri wa nafsi, wanaulizwa kuhusu maisha yao ya faragha. Wanataja idadi ileile kwa wiki, lakini mmoja anailalamikia kuwa ni ndogo mno na mwingine anailalamikia kuwa ni kubwa mno. Wawili hao wanaonekana kwa wakati mmoja upande kwa upande, na tukio hilo lilipigwa kwenye jukwaa moja lililotenganishwa kwa ukuta. Ukuta ule ulisema yote: chini ya paa moja, hesabu ni moja na matarajio ni mawili.

Siku 12 za Brooklyn

Lakini filamu iliyompa mwanamke mwenyewe nafasi ya kutamka matarajio yake ilitoka mahali ambapo Hollywood haikuwa ikitazama. Mwezi Julai mwaka 1985 kijana mmoja mweusi aliyesomea filamu katika Chuo Kikuu cha New York, Spike Lee, alikusanya marafiki na jamaa katika mtaa wa Brooklyn. Mwaka uliotangulia mradi wake mwingine ulikuwa umeporomoka kwa kukosa fedha. Safari hii aliandika kisa kinachoweza kupigwa kwa watu wachache na mahali pachache. She's Gotta Have It ilipigwa kwa siku 12, karibu yote kwa rangi nyeusi na nyeupe, na iligharimu dola 175,000 hivi. Ernest Dickerson ndiye aliyeshika kamera, na baba yake Spike, Bill Lee, ndiye aliyetunga muziki.

Mhusika mkuu ni Nola Darling, msanii kijana aliyeigizwa na Tracy Camilla Johns. Nola ana wapenzi watatu: Jamie, mtulivu na mwenye ahadi nyingi, Greer, mwanamitindo anayejipenda kuliko anavyompenda mtu yeyote, na Mars, mcheshi asiye na kazi, aliyeigizwa na Spike Lee mwenyewe. Hamdanganyi yeyote kati yao. Kila mmoja anajua kuwa wengine wapo, na kwenye Sikukuu ya Kutoa Shukrani anawaalika wote watatu katika meza moja. Wahusika wanaikabili kamera na kuzungumza na mtazamaji moja kwa moja, kana kwamba wapo mahakamani. Wanaume wanaeleza Nola ni mtu wa namna gani na angepaswa kuwa wa namna gani. Nola anaeleza tu anavyoishi.

Mwaka 1986 filamu hiyo ilitunukiwa tuzo ya vijana katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa, na nchini Marekani ikaingiza zaidi ya dola milioni 7. Kwa watengenezaji filamu weusi, na kwa yeyote aliyekuwa na kisa lakini hana studio, hilo lilikuwa fundisho kubwa. Udogo wa bajeti ulikuwa umegeuka kuwa uhuru. Hapakuwa na mkuu wa studio wa kudai kwamba Nola amchague mmoja na kuvaa shela.

Pamoja na hayo, filamu hiyo ina doa. Karibu na mwisho, Jamie anamwingilia Nola kwa nguvu, na kisa kinaendelea kana kwamba ni ugomvi wa kawaida wa wapenzi. Mwaka 2014 Spike Lee alisema hadharani kwamba, kama angepewa nafasi ya kubadili jambo moja katika kazi zake zote, lingekuwa tukio hilo. Mwaka 2017 alikirudia kisa hicho kama mfululizo wa Netflix uliodumu kwa misimu miwili hadi 2019, safari hii Nola akiigizwa na DeWanda Wise. Doa hilo ni sehemu ya historia yetu, kwa kuwa linaonyesha kinachotokea pale matarajio ya mtu mmoja yanapogeuzwa kuwa haki yake. Hata filamu iliyomtetea mwanamke huyo haikuliona jambo hilo kwa ukamilifu mwaka ule wa 1986.

Soko linafunguka

Katika miaka hiyohiyo mahali pa kuziuza filamu kama hizo palikuwa pakijengwa. Mwigizaji Robert Redford alianzisha taasisi ya Sundance mwaka 1981, na miaka michache baadaye taasisi hiyo ikachukua usimamizi wa tamasha la filamu huko Utah. Mwaka 1989 kijana wa miaka 26, Steven Soderbergh, alipeleka huko sex, lies, and videotape, filamu ya dola milioni 1.2 hivi kuhusu watu wanne wasioambiana ukweli. Mwaka huohuo ilishinda tuzo kuu ya Cannes, na mapato yake yaliyapita mbali matumizi. Tangu hapo studio kubwa zilianza kupanda milima ya Utah kila Januari kutafuta bidhaa, na baadhi zikaunda idara maalumu kwa ajili ya filamu ndogo.

Kwa hiyo neno "kujitegemea" lilianza kuwa na utata. Filamu iliweza kuwa na bajeti ndogo na roho ya kujitegemea, huku nyuma yake ikiwa na mfuko wa kampuni kubwa. (500) Days of Summer yenyewe ilitengenezwa chini ya Fox Searchlight, idara ya aina hiyo. Kilichobaki kuwa cha kujitegemea ni ruhusa ya kumnyima mtazamaji harusi.

Matarajio ya wasiokuwepo chumbani

Kwa wengi wetu tunaoishi mbali na tulikozaliwa, uhusiano mpya hauwi wa watu wawili tu. Wazazi wapo, hata kama wako ng'ambo ya bahari. Filamu za kujitegemea zililiona hilo mapema, na mojawapo ina mizizi Afrika Mashariki.

Mwaka 1991 Mira Nair, muongozaji mzaliwa wa India, alitoa Mississippi Masala. Inaanzia Kampala mwaka 1972, Idi Amin anapoamuru watu wenye asili ya Asia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Familia ya mwanasheria Jay inafukuzwa, na miaka mingi baadaye tunaikuta Greenwood, Mississippi, ikiishi katika moteli ya jamaa zake. Binti yao Mina, aliyeigizwa na Sarita Choudhury, anampenda Demetrius, kijana Mmarekani mweusi mwenye biashara ya kusafisha mazulia, aliyeigizwa na Denzel Washington. Kuna vicheko vingi, hasa pale majirani na mashangazi wanapopigiana simu kueneza habari. Lakini Jay bado anaishi kwa kumbukumbu ya nyumba yake ya Kampala, na anamtarajia binti yake alipe deni la nchi aliyoipoteza. Mina na Demetrius hawagombani sana kuhusu wanachotaka. Wanagombana na wanachotakiwa kuwa. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa Uganda kwenyewe, na katikati ya miaka ya 2000 Mira Nair alianzisha huko Kampala mafunzo ya filamu yaitwayo Maisha kwa ajili ya vijana wa kanda hiyo.

Robo karne baadaye, mwaka 2017, The Big Sick ililirudia jambo hilohilo huko Chicago. Kumail Nanjiani, mchekeshaji aliyezaliwa Pakistan, na mkewe Emily V. Gordon waliandika kisa kilichotokana na maisha yao wenyewe. Katika filamu, mama wa kijana hualika wasichana wa Kipakistani chakula cha jioni, kila mmoja akidaiwa kuwa amepita tu njiani. Kijana hawakatai waziwazi, wala hamwambii mpenzi wake. Anaweka picha zao katika kisanduku, na siku kisanduku hicho kinapofunguliwa, uhusiano unavunjika. Amazon iliinunua filamu hiyo kwa dola milioni 12 kule Sundance. Funzo lake lilikuwa la zamani: anayewaficha watu wawili matarajio tofauti huishia kuwakosea wote wawili.

Skrini iliyogawanyika

Sasa turejee kwenye filamu ya mwaka 2009. Tom, aliyeigizwa na Joseph Gordon-Levitt, alisomea usanifu majengo lakini anaandika maneno ya kadi za salamu huko Los Angeles. Summer, aliyeigizwa na Zooey Deschanel, ni mfanyakazi mpya ofisini. Mapema kabisa Summer anamwambia kuwa hatafuti uhusiano wa dhati. Tom anajibu kwamba hana tatizo na hilo. Kuanzia hapo, kila wanapotoka pamoja, wanapocheka dukani wakijifanya wanandoa katika vyumba vya maonyesho ya fanicha, Tom anahesabu kuwa mkataba umebadilika. Summer hajaubadilisha.

Waandishi wake, Scott Neustadter na Michael H. Weber, hawakuzipanga siku hizo 500 kwa mfuatano. Tunaruka kutoka siku ya furaha hadi siku ya majonzi na kurudi tena, kama anavyofanya mtu aliyeachwa anapopekua kumbukumbu kutafuta mahali mambo yalipoharibika. Na karibu na mwisho linakuja tukio lililoipa filamu hiyo umaarufu wake. Summer amemwalika Tom kwenye tafrija nyumbani kwake. Skrini inagawanyika. Upande mmoja ni matarajio: anapokewa kwa kumbatio, wanazungumza peke yao, mapenzi yanarejea. Upande wa pili ni hali halisi: anapokewa kwa adabu, anasimama pembeni na kinywaji chake, kisha anaiona pete ya uchumba ya Summer, aliyovishwa na mwingine. Hapo upande wa matarajio unatoweka, na hali halisi inaijaza skrini nzima.

Mgawanyo huo unakumbusha ule ukuta wa Annie Hall, lakini kuna tofauti moja. Mwaka 1977 tuliwaona watu wawili, kila mmoja na maelezo yake. Mwaka 2009 pande zote mbili ni za Tom. Summer mwenyewe hana upande katika skrini hiyo.

Ufunguo wa jambo hilo ulikuwa umewekwa tangu mwanzo, kwani tunaambiwa kwamba imani ya Tom kuhusu mapenzi ilitokana kwa kiasi fulani na kuielewa vibaya The Graduate. Baadaye wawili hao wanaitazama pamoja ukumbini. Tunaonyeshwa basi, kiti cha nyuma, tabasamu zinazofifia. Summer analia kwa uchungu. Tom anamtazama asielewe anacholilia, kwa kuwa machoni pake mwisho ule ni wa furaha. Wametazama filamu moja na kuona mbili.

Lawama kwa nani?

Filamu hiyo iligharimu dola milioni 7.5 hivi na kuingiza takriban milioni 60 duniani, na waandishi wake walipata tuzo ya Independent Spirit kwa uandishi bora. Lakini historia yake baada ya hapo inavutia zaidi kuliko fedha hizo. Watazamaji wengi walimwona Summer kuwa mkatili. Joseph Gordon-Levitt mwenyewe alilazimika kueleza hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba kosa kubwa ni la Tom, aliyempachika Summer ndoto zake na asisikilize anachoambiwa.

Mjadala huo ulikutana na mwingine. Mwaka 2007 mhakiki Nathan Rabin alikuwa amebuni jina la kejeli kwa wahusika wa kike wachangamfu na wa ajabu ajabu, wasio na maisha yao wenyewe, wanaoletwa kwenye filamu ili kumponya mwanamume mwenye huzuni. Jina hilo lilienea mno hadi mwaka 2014 mwenyewe aliomba radhi kwa kulibuni, kwa kuwa lilikuwa likitumiwa kuwadharau wahusika wa kike wa kila aina. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2012, Zoe Kazan aliandika na kuigiza Ruby Sparks. Mwandishi wa riwaya anamtunga msichana wa ndoto zake, na asubuhi moja anamkuta jikoni akiwa hai. Anapoanza kuwa na marafiki na mawazo yake, mwandishi anarudi kwenye taipureta na kumbadilisha sentensi kwa sentensi. Kinachoanza kama kichekesho kinaishia kuwa kitisho. Alichokifanya Tom kichwani mwake, mwandishi huyu anakifanya kwa mikono yake.

Hiyo ndiyo njia iliyopitiwa na filamu hizi. Harusi iliyokuwa lazima mwaka 1934 ilitiliwa shaka kwenye kiti cha basi mwaka 1967. Mwaka 1986 Nola Darling alisema anachotaka, na wanaume watatu wakashindwa kumsikia. Mwaka 2009 kutosikia huko kukawa ndicho kisa chenyewe, na watazamaji wengi nao hawakusikia. Mwaka 2012 mwanamke akaishika kalamu na kuonyesha jinsi kunavyoonekana kutoka upande wa pili.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Tom alingoja siku nyingi neno ambalo tayari alikuwa amepewa jibu lake. Na anayeumia katika kungoja huko si yeye pekee. Yupo pia yule anayeishi akidaiwa deni asilolikopa. Filamu hizi, kwa bajeti zake ndogo na vicheko vyake, zimekuwa zikituomba tufanye jambo lisilogharimu kitu: kumwamini mtu anapotueleza yeye ni nani.